Sura ya Tano: Mbona Yule Haonekani Kama Anaigiza?

Aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anazijua kanuni kabla filamu haijaanza. Stelingi, yaani yule mhusika mkuu anayeshangiliwa, hafi. Adui anajulikana kwa sura na kwa kicheko. Baba wa msichana ni mkali, mama ni wa kulia, na rafiki wa stelingi ndiye atakayepigwa risasi mapema. Mtazamaji akishajua nani ni nani anatulia, anatafuna karanga zake.

Ndipo anapotokea Irrfan Khan na kuvuruga hesabu. Ni mrefu, mwembamba, ana macho makubwa yenye vifuko chini yake, na sauti ya chini. Hapigi kelele, wala hajitangazi anapoingia. Filamu hii ni muuaji, ile ni mhasibu aliyefiwa na mkewe, nyingine ni baba mpole anayevaa sweta. Na katika zote watu huuliza jambo moja: mbona yule haonekani kama anaigiza?

Sura hii inalijibu swali hilo. Irrfan alifariki Mumbai tarehe 29 Aprili 2020, akiwa na miaka 53, na waliomlilia walimsifu kwamba hakuna nafasi iliyomshinda. Sifa hiyo ni ya haki, ila wengi huielewa visivyo. Hudhani kwamba mwigizaji wa nafasi nyingi ni yule anayejigeuza: ndevu za bandia, lafudhi ya kuazima, mwili ulionenepeshwa au kukondeshwa. Irrfan hakutegemea hayo. Uso wake ulibaki ule ule, na macho yale yale. Alichobadilisha kutoka filamu hadi filamu ni kile ambacho mhusika anakificha. Mimi naamini ukuu wake wote uko hapo.

Mtoto wa muuza matairi

Alizaliwa katika jimbo la Rajasthan, India, tarehe 7 Januari 1967. Baba yake alifanya biashara ya matairi. Ujanani ndoto yake ilikuwa kriketi, na mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuchaguliwa kwenye mashindano ya vijana, lakini pesa za kwenda huko hazikupatikana. Mwaka 1984 alipata nafasi katika chuo cha taifa cha uigizaji cha India, kilichoko New Delhi. Huko alikutana na Sutapa Sikdar, mwandishi wa miswada ya filamu, ambaye baadaye alioana naye.

Akiwa bado mwanafunzi, aliitwa na Mira Nair, mwongozaji kijana aliyekuwa akitayarisha filamu yake ya kwanza ya hadithi, Salaam Bombay!, kuhusu watoto wa mitaani wa Bombay. Irrfan alikwenda Bombay, akafanya mazoezi pamoja na watoto wenyewe wa mitaani, akaamini kwamba mlango umefunguka. Kumbe hapana. Nair aliona kijana huyu ni mrefu mno na ana afya mno kusimama kati ya watoto waliodumaa kwa njaa, akampunguzia nafasi ikabaki ya dakika chache. Nair amesimulia kwamba kijana alilia sana.

Filamu ilitoka mwaka 1988, ikapata tuzo Cannes na kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Irrfan anaonekana humo akiwa mwandishi wa barua wa mtaani, anayemwandikia barua mtoto asiyejua kuandika. Ni nafasi ndogo sana, lakini anayeitazama leo ataona kijana wa miaka ishirini na kidogo ambaye tayari anajua kukaa kimya huku akiwaza, na mtazamaji akaona kwamba anawaza.

Ikachukua miaka 18 kabla Nair hajampa nafasi kubwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumfahamu mama huyu. Ameishi Kampala, ameolewa na Profesa Mahmood Mamdani wa Uganda, na aliyeiona Queen of Katwe ameiona kazi yake. Tutarudi kwake.

Miaka ya kuchoka

Baada ya chuo Irrfan aliingia kwenye televisheni, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Alicheza katika tamthilia za historia kama Chanakya na Bharat Ek Khoj, na katika Chandrakanta, hadithi ya uchawi na wafalme iliyopendwa sana miaka ya 1990. Aliigiza hata kama Lenin. Kazi ilikuwapo na mshahara ulikuwapo, lakini tamthilia za wakati ule zilikuwa za maneno, maneno, maneno. Kila hisia ilitamkwa, na kila mshangao ulirudiwa mara tatu na muziki juu. Mtu ambaye kipawa chake ni kuzuia alikuwa amewekwa mahali pa kumwaga. Alichoka kiasi cha kutaka kuacha kazi hiyo kabisa.

Aliyemwokoa alitoka Uingereza. Asif Kapadia, kijana wa London mwenye asili ya India, alikuwa akitafuta mtu wa kubeba filamu karibu nzima bila kusema sana. Filamu hiyo, The Warrior, ya mwaka 2001, inamhusu askari wa mtawala mkatili wa Rajasthan. Kazi yake ni kuchoma vijiji na kukata watu vichwa. Siku moja ananyanyua upanga juu ya msichana, mkono unakataa. Anaacha kazi, na wenzake wanatumwa kumwinda.

Tazama namna Irrfan anavyoucheza mkono ule. Hakuna machozi wala hotuba ya kutubu. Kinachoonekana ni mtu aliyeshtukia kwamba hajijui. Filamu ilipata tuzo ya filamu bora ya Uingereza kutoka BAFTA, chama cha filamu na televisheni cha nchi hiyo, na Irrfan, akiwa na miaka 34, akaanza upya.

Kamera inaona nini

Hapa tusimame kidogo, maana jibu la swali letu limo katika tofauti ya jukwaa na kamera.

Kwenye jukwaa, mwigizaji anafanya kazi na umbali. Aliyelipa kiingilio cha chini amekaa nyuma kabisa, na yeye pia ana haki ya kusikia na kuona. Kwa hiyo sauti inapandishwa, mkono unatupwa mbali, huzuni inaonyeshwa kwa mwili mzima. Huo si uigizaji mbaya, ni uigizaji wa mahali pake.

Kamera haina umbali. Katika picha ya karibu, yaani pale uso wa mtu unapojaza skrini yote, ukope ukicheza watu elfu wanauona. Mwigizaji akileta hapo nguvu za jukwaani, anaonekana anadanganya, hata kama anayohisi ni ya kweli. Ndiyo maana filamu zetu nyingi za nyumbani, ambazo waigizaji wake wengi wametoka kwenye vikundi vya maigizo, huwa na kelele zisizohitajika. Wamefundishwa kumfikia mtu wa nyuma, na mtu wa nyuma hayupo.

Irrfan alisomea jukwaa kisha akaliacha mlangoni. Ukimtazama kwa makini utaona mambo anayoyarudia, na ukishayaona huwezi tena kutoyaona:

- Anachelewa kujibu. Akiulizwa swali, kwanza unaona limemfika, halafu unaona amechagua asiseme nini, ndipo linapokuja jibu.
- Maneno makubwa anayasema kwa wepesi, mara nyingi akitazama pembeni au akifanya kitu kingine kwa mikono.
- Anasikiliza. Mwenzake anapozungumza, yeye hangoji zamu yake. Sura yake inafuata kila neno.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Katika Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, filamu iliyozoa tuzo 8 za Oscar, Irrfan ni inspekta wa polisi anayemhoji kijana aliyeshinda fedha nyingi kwenye mchezo wa maswali. Nafasi yenyewe ni ya mtu anayekaa kitini na kusikia. Lakini sisi watazamaji tunaanza kumwamini kijana kwa sababu tunamwona inspekta akianza kumwamini, taratibu, bila yeye mwenyewe kupenda. Kinyume chake ni Life of Pi ya mwaka 2012, ambamo kazi yake ni kusimulia. Yeye ni Pi aliyekomaa, anayemweleza mwandishi jinsi alivyookoka baharini akiwa na chui milia. Karibu na mwisho anasema kinachomuuma zaidi ni kwamba mnyama yule aliondoka bila wao kuagana. Wanaokumbuka mandhari ya bahari na nyangumi wa filamu ile ni wengi. Mimi nakumbuka koo la Irrfan likikataa kumeza katika dakika ile.

*Kwa kifupi: haonekani anaigiza kwa sababu haonyeshi hisia. Anaonyesha mtu anayejaribu kuificha, na sisi tunaitafuta wenyewe.*

Muuaji aliyeona mtoto

Mwaka 2003 Irrfan alitoka kwa kishindo upande wa maadui. Katika Haasil, ya rafiki yake wa chuoni Tigmanshu Dhulia, ni kiongozi wa genge la wanafunzi wa chuo kikuu huko Allahabad, na kwa nafasi hiyo alipata tuzo ya Filmfare ya adui bora. Lakini filamu ya kudumu ya wakati huo ni Maqbool, ya Vishal Bhardwaj.

Waliosoma Makbeth ya Shakespeare kwa tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi wataitambua hadithi: mtu jasiri anachochewa na mwanamke na utabiri kumwua bwana wake na kutwaa nafasi yake, kisha damu inamrudia. Bhardwaj ameihamishia kwenye magenge ya wahalifu wa Mumbai, miongoni mwa Waislamu. Mfalme ni mzee Abbaji, aliyechezwa na Pankaj Kapur. Wachawi wenye utabiri huo ni polisi wawili wala rushwa, Om Puri na Naseeruddin Shah. Mwanamke ni Nimmi, kimada wa Abbaji, naye ni Tabu. Maqbool ni Irrfan.

Waigizaji wengi wakipewa mtu wa aina hii humcheza kwa tamaa. Irrfan amemcheza kwa aibu. Tangu mwanzo Maqbool ni mtu anayempenda sana mzee aliyemlea, na anamtamani kimada wa mzee huyo huyo, na hawezi kumtazama yeyote kati yao usoni kwa muda mrefu. Baada ya mauaji haongezeki ukubwa, anapungua.

Mwishoni, Nimmi ameshakufa, naye Maqbool anakwenda hospitali na bastola kumchukua mtoto mchanga aliyeachwa. Kupitia mlangoni anawaona vijana wawili wa upande wa maadui zake wamemkumbatia mtoto yule kwa upendo. Anaachia bastola, anatoka nje, na anauawa mlangoni. Mpito wote uko usoni mwake, katika sekunde anazosimama pale akitazama. Anafahamu kwamba mtoto atalelewa na watu wema, na kwamba yeye si mmoja wao. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi, na sijaona mwigizaji mwingine anayeweza kuonyesha unafuu na kukata tamaa kwa wakati mmoja namna hiyo.

Baba mwenye sweta

Sasa mchukue mtu huyo huyo, na Tabu yule yule, miaka mitatu baadaye. The Namesake, ya mwaka 2006, imetokana na riwaya ya Jhumpa Lahiri. Hapa Irrfan ni Ashoke Ganguli, Mbengali wa Kolkata anayehamia Marekani kusoma na kufundisha, na Tabu ni Ashima, mke aliyeozwa kwake. Mwongozaji ni Mira Nair. Deni la mwaka 1988 linalipwa.

Nair ameeleza kwamba aliisoma riwaya hiyo akiwa katika msiba wa mama mkwe wake, aliyefariki na kuzikwa Marekani, mbali na Afrika Mashariki iliyokuwa kwao. Hicho ndicho chanzo cha filamu. Na kati ya vijana waliofanya kazi nyuma ya kamera alikuwamo Mkenya mmoja ambaye dunia ilikuwa haijamjua bado, Lupita Nyong'o.

Familia za Kiswahili zenye ndugu Muscat, London au Toronto zitamjua Ashoke mara moja. Ni yule baba aliyesafiri mapema, anayezungumza kidogo, asiyelalamikia baridi, ambaye watoto wake waliozaliwa ugenini wanamwona hana hadithi. Kumbe anayo. Ujanani alinusurika kwenye ajali mbaya ya treni akiwa na kitabu cha Gogol, mwandishi wa Urusi, na ndiyo sababu mwanawe anaitwa Gogol, jina ambalo kijana analichukia. Siku anayomweleza ukweli, wamekaa ndani ya gari. Kijana anauliza kama yeye humkumbusha usiku ule wa ajali. Baba anasema hapana, humkumbusha kila kilichokuja baadaye. Irrfan anayasema maneno hayo kwa wepesi wa mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, na ndiyo maana yanachoma.

Ashoke anafariki peke yake katika mji mwingine, ghafla, na habari inamfikia mkewe kwa simu. Kuanzia hapo filamu inaendelea bila Irrfan, lakini amejaa humo. Hicho ni kipimo kikali cha mwigizaji: aondoke hadithi ikiwa bado inaendelea, na kila chumba kionekane kina nafasi yake iliyo wazi.

Mkimbiaji

Wakenya watanisamehe kwa kuwaeleza mbio za kuruka viunzi na maji, maana huo ni mchezo wao. Tangu Amos Biwott mwaka 1968 na Kipchoge Keino mwaka 1972, mbio hizo za mita 3,000 zimekuwa kama urithi wa Kenya. Lakini India nayo ilikuwa na bingwa wake, askari wa jeshi aliyeitwa Paan Singh Tomar, bingwa wa taifa mara saba, aliyekwenda kwenye Michezo ya Asia mjini Tokyo mwaka 1958. Baada ya jeshi alirudi kijijini, akaingia kwenye ugomvi wa ardhi na ndugu, sheria ikamgeuzia mgongo, akashika bunduki na kuwa mkuu wa genge katika makorongo ya Chambal. Aliuawa na polisi mwaka 1981.

Dhulia aliitengeneza filamu ya maisha yake, Paan Singh Tomar, kwa fedha kidogo. Ilionyeshwa London mwaka 2010, na ikasubiri hadi Machi 2012 kuingia kwenye majumba ya sinema ya India. Ilishinda tuzo ya taifa ya filamu bora, na Irrfan akapata ya mwigizaji bora.

Humu ndimo anamobadilika sana kimwili, na bado hategemei vipodozi. Mwanzoni Paan Singh ni kurutu wa kijijini mwenye njaa, anayekwenda upande wa michezo kwa sababu huko chakula hakipimwi. Mkubwa wake anamtuma kupeleka aiskrimu nyumbani kabla haijayeyuka, naye anakimbia nayo kweli. Magoti yanapanda juu na tabasamu limejaa. Miaka mingi baadaye anakwenda kituo cha polisi kuomba msaada, amebeba ushahidi kwamba aliwahi kuikimbilia nchi, na afisa anautupa. Mtu ni yule yule na mgongo ni ule ule ulionyooka wa askari, ila sasa unyoofu ule ndio kitu pekee alichobakiwa nacho. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu inahitaji tumpende mtu kabla hajaua na tusiache kumpenda baadaye, wala tusimsamehe kirahisi.

Mhasibu na chakula kilichopotea njia

Mumbai kuna kazi ambayo haiko mji mwingine kwa ukubwa ule. Wabebaji, ambao kabla ya korona walikuwa wapatao 5,000, hukusanya asubuhi vyakula vilivyopikwa majumbani, vikiwa ndani ya bakuli za bati zinazopangana, huvipeleka maofisini kwa treni na baiskeli, kisha hurudisha vyombo jioni. Hukosea kwa nadra sana. The Lunchbox ya Ritesh Batra, ya mwaka 2013, inaanza na kosa moja: chakula cha mwanamke aitwaye Ila, anayetafuta kumrudisha mumewe moyoni, kinamfikia Saajan, mhasibu mjane anayekaribia kustaafu. Wanaanza kuandikiana vijibarua ndani ya bakuli.

Wahusika hao wawili hawazungumzi uso kwa uso hata mara moja. Irrfan anapenda, anatumaini na anaogopa akiwa peke yake, mbele ya sahani. Mara ya kwanza anapofungua chakula kile ananusa, anasita, anakagua mfuko kuona kama kweli ni wake. Ni mtu aliyezoea kula ili asife, na leo amekumbuka ladha. Siku waliyopanga kukutana anafika, anamwona Ila kwa mbali, kijana na mzuri, na hamsogelei. Asubuhi ile alikuwa amenusa bafuni harufu ya babu yake, akatambua kwamba harufu ni yake yeye.

Wengine wangemcheza Saajan ili tumhurumie. Irrfan amempa ukali, choyo kidogo, hata ubaya wa kuwafukuza watoto wanaocheza mbele ya nyumba yake. Huruma inakuja baadaye, na inakuja kwa hiari yetu.

Kuchekesha bila kuchekesha

Hollywood nitaipita haraka. The Amazing Spider-Man, Jurassic World ambamo ndiye mmiliki wa bustani ya dinosaria, na Inferno zilimpa jina na malipo. Katika hizo zote yeye ni bora kuliko maneno aliyopewa, na basi.

Vichekesho vyake ndivyo vinavyosahaulika isivyo haki. Katika Piku, ya mwaka 2015, ni mwenye kampuni ya teksi anayelazimika kumwendesha mzee msumbufu, Amitabh Bachchan, na binti yake, Deepika Padukone, kutoka Delhi hadi Kolkata, huku njia nzima mzee akizungumzia choo chake kigumu. Bachchan ananguruma, Padukone anafoka, na Irrfan anaendesha tu gari. Kicheko kinatoka kwenye uvumilivu wake.

Hindi Medium ya mwaka 2017 ingeweza kutengenezwa Tabata au Buruburu bila kubadilisha kitu. Raj ni mfanyabiashara wa nguo wa Delhi, ana pesa lakini Kiingereza chake kinayumba, na mkewe anataka binti yao aingie shule ya Ingilishi midiamu kwa gharama yoyote. Wanahama mtaa, wanajifanya watu wengine, mwishowe wanajifanya maskini ili wapate nafasi zilizotengewa maskini. Mzazi yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kuketi kwenye usaili wa mtoto wa chekechea, akiogopa kuulizwa kitu kwa Kiingereza, ataijua sura ya Raj. Irrfan hamdharau mtu huyu. Anamwacha awe na aibu, halafu anamwacha apate ujasiri.

Mzaliwa wa Dar es Salaam

Mwongozaji aliyemwelewa Irrfan kwa kina kabisa pengine ni Anup Singh, ambaye wengi wetu hatujui kwamba amezaliwa Dar es Salaam. Walifanya filamu mbili. Katika Qissa, ya mwaka 2013, inayozungumzwa Kipunjabi, Irrfan ni Kalasinga aliyepoteza makazi India ilipogawanywa mwaka 1947. Mzimu wa kupoteza unamfanya aamue kwamba binti yake wa nne ni mwana wa kiume, na amlee hivyo, na amwozeshe mke. Katika The Song of Scorpions ni mfanyabiashara wa ngamia wa jangwani anayetenda uovu mkubwa akiuita mapenzi.

Zote mbili ni nafasi za wanaume wanaoharibu maisha ya wanawake kwa kusadiki kwamba wanawapenda. Irrfan hakuwapunguzia ubaya, wala hakuwanyima utu wao. Filamu hizi hazikupata watazamaji wengi, na huku kwetu hazikufika. Ni hasara, maana aliyezitengeneza ni wa hapa. Baada ya msiba Anup Singh aliandika kitabu kizima cha kumkumbuka rafiki yake.

Aprili 2020

Machi 2018 Irrfan alitangaza kwamba ana uvimbe wa saratani ya nadra, unaoanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe mwilini. Alitibiwa London, katika hospitali iliyotazamana na uwanja wa Lord's, ambao kwa wapenzi wa kriketi ni kama Wembley kwa wa soka. Katika barua aliyoiandika kutoka huko alieleza kwamba ndoto yake ya utotoni ilikuwa ng'ambo ya barabara, na yeye hakuhisi chochote, kwa jinsi maumivu yalivyokuwa makubwa.

Mwaka 2019 alipata nafuu, akarudi kazini kucheza Angrezi Medium. Ilitoka tarehe 13 Machi 2020, wiki ambayo majumba ya sinema yalikuwa yakifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 25 Aprili mama yake mzazi alifariki Jaipur. Nchi ilikuwa imefungwa, na mwana hakuweza kusafiri kwenda kumzika. Siku nne baadaye naye akafariki, kwa maambukizi ya utumbo, akazikwa siku hiyo hiyo katika makaburi ya Waislamu ya Versova, Mumbai. Waliohudhuria walikuwa wachache, kwa amri ya serikali. Mtu aliyetazamwa na mamilioni alipelekwa makaburini na watu wa nyumbani na marafiki wachache.

Kama hujamwona, anza hivi

- The Lunchbox. Ni fupi, haina vurugu, na mtu yeyote nyumbani anaweza kuiangalia.
- Paan Singh Tomar. Itazame pamoja na mtu anayependa riadha.
- The Namesake. Kama una mzazi aliyehamia mbali, mpigie simu kwanza, maana baadaye sauti yako haitakuwa sawa.
- Maqbool. Si ya watoto. Ukiisoma Makbeth kabla, utapata mara mbili.
- Hindi Medium, ili ucheke. Ukishaipenda, endelea na Angrezi Medium. Hadithi yake inayumba, lakini kazi ya Irrfan humo haiyumbi.
- Qissa, siku ukiwa na moyo mgumu.

Jambo moja zaidi. Watafsiri wa vibandani wameifanyia sinema kazi kubwa katika nchi zetu, na wengine ni wasanii kamili kwa haki yao. Lakini wao huishi kwa kuzungumza, na Irrfan anafanya kazi yake pale ambapo hakuna anayezungumza. Mtafute akiwa na sauti yake mwenyewe na maandishi ya tafsiri chini ya skrini, hata kama Kiingereza cha maandishi hayo kitakusumbua kidogo mwanzoni. Sentensi mbili tatu zikikupita, uso wake utakueleza.